Nani Anaamua Robine Iwekwe Wapi? (Somo la Uraia)



Katika karatasi hii ya shule, kapita wa wanafunzi anaandika kila mara juu ya uniforme, kelele na kuchelewa. Mimi pia nilitaka kuandika juu ya kuchelewa. Lakini nilipotafuta sababu ya kuchelewa, nilijikuta ninasoma sheria ya miji. Nitawaeleza kwanza njia iliyonifikisha huko, kisha tujifunze pamoja. Chukueni kaye na kalamu, sababu ndani kuna hesabu kidogo.

KAYE YA WACHELEWAJI

Kazi yangu ya kila asubuhi ni kusimama mlangoni na kaye. Kengele ikilia, kila mtu anayefika nyuma yake ninaandika jina lake, na wakati wa mapumziko anakata majani ao anafagia.

Mwaka huu dada mmoja wa darasa la chini alikuwa akirudi katika kaye yangu kila juma. Nilimhesabu kuwa mvivu. Siku moja nikamwambia mbele ya wengine: «Wewe unapenda majani kuliko masomo.» Hakukasirika. Alinijibu polepole: «Kapita, weye unaandika tu saa yenye ninafika. Hauandike saa yenye niliamuka.» Wenzetu walicheka, lakini neno lile lilinichoma moyo.

Siku ya posho iliyofuata nilikwenda mimi mwenyewe kwenye robine ya kartie yao. Giza lilikuwa bado. Bido za njano zilipangwa mustari mrefu, na watu wengine waliweka jiwe mahali pa bido. Karibu wote waliokuwa pale walikuwa wasichana na mama. Nilihesabu bido zilizokuwa mbele ya zake: zilipita 60. Nikakaa naye mpaka jua likatoka. Akaniambia: «Nikitoka kwa mustari, ninapoteza nafasi. Nikibakia, ninapoteza saa ya kwanza, na saa ya kwanza kwetu ni hesabu.»

Nilirudi nyumbani na swali moja. Ninamwazibu mtoto huyu juu ya jambo gani, na jambo hilo liliamuliwa na nani? Nilianza kuuliza watu. Mmoja alisema ni Regideso. Wa pili alisema ni shefu wa kartie. Wa tatu alisema tungojee mashirika. Wa ine, mzee, alisema tu: «Ni Serikali,» akanyamaza. Watu wane, majibu mane. Kama hatujui mlango wa kupiga hodi, tutabaki kulalamika barabarani. Ndiyo maana nimetayarisha somo hili.

1. HUDUMA YA WATU WOTE NI NINI?

Kisima kilicho ndani ya lupango ya baba yako ni chako. Unaweza kufunga mlango. Lakini kuna vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvijenga peke yake, na akivijenga hawezi kuvitumia peke yake: barabara, kanivo za kupitisha maji ya mvua, soko, choo cha soko, taa za njiani, daraja juu ya mto Nyamukau, mahali pa kutupa uchafu, makaburi. Vitu hivyo vinaitwa huduma ya watu wote.

Katika mji wetu makanisa na mashirika yamefanya kazi kubwa katika mashule na mahospitali. Tunashukuru. Lakini tutofautishe. Shirika linakuja na mradi, na mradi una mwisho. Mji hauna mwisho. Robine ikiharibika miaka mitano nyuma ya mradi, nani atanunua kipande chake? Hapo ndipo kazi ya baraza inaanza.

Tuna pia salongo, kazi ya pamoja iliyoanza wakati wa Rais Mobutu katika miaka ya 1970. Kufagia na kuzibua kanivo ni vizuri. Lakini salongo inaleta mikono tu. Hailete bomba, simenti wala plani. Watu wakizibua kanivo hapa, na chini yake hakuna mahali pa maji kwenda, mvua ya kesho itarudisha matope yale yale.

2. MJI WETU UNATAWALIWA NAMNA GANI?

Bunia ni mji mkuu wa mkoa wa Ituri tangu mwaka 2015, wakati mkoa wa zamani wa Orientale ulipogawanywa. Ndani ya mji kuna komine tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Chini ya komine kuna kartie, na ndani ya kartie kuna avenyu.

Sheria inayoeleza mambo haya ni sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Inataja aina ine za maeneo yanayopaswa kujitawala katika mambo yao: mji, komine, sekta na cheferi. Tushike vizuri maneno haya:

(a) Raia wa komine wanapiga kura na kuchagua washauri wa komine. Washauri hao ndio baraza la komine. Baraza linachagua bugumestri.

(b) Washauri wa komine wanachagua washauri wa mji. Hao ndio baraza la mji, nao wanachagua meya.

(c) Baraza linajadili na kuamua, na linakubali ao kukataa bajeti. Meya ao bugumestri, pamoja na wasaidizi wake, wanatimiza. Baraza lina haki ya kumwita na kumwuliza: pesa zilikwenda wapi?

(d) Kartie haimo katika zile aina ine. Shefu wa kartie anawekwa na wakubwa, hachaguliwi kwa kura, na kartie haina bajeti yake yenyewe.

Angalieni (d) vizuri, ndugu zangu. Sisi wengi tunamkasirikia shefu wa kartie juu ya maji. Yeye anaweza kuandika na kupeleka barua juu, na inafaa afanye hivyo. Lakini tunamdai kitu ambacho hana mkononi.

Katika kazi za baraza tunakuta barabara za ndani, kanivo, masoko, taa, usafi na vita dhidi ya magonjwa ya kuambukiza. Maji yana historia yake. Regideso, shirika la Serikali, lilianzishwa mwaka 1939, na kwa miaka mingi mambo ya maji ya miji yalikuwa mikononi mwake. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua mlango kusudi mikoa na maeneo yale yanayojitawala yawe na sehemu katika huduma ya maji. Basi leo mshauri wa komine hawezi kusema kwamba maji hayamhusu.

Je, mabaraza haya yamekuwako siku zote? Hapana. Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1957, Waafrika wa Léopoldville (leo Kinshasa), wanaume peke yao, walichagua washauri wa komine kwa mara ya kwanza. Katika uchaguzi ule Joseph Kasa-Vubu alipata kuwa bugumestri wa komine ya Dendale. Mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa inchi. Kumbe mkubwa wa inchi alianzia kwenye mambo ya komine! Nyuma ya Katiba ya 2006, tulingoja muda mrefu. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu ndipo raia wa komine za miji mikuu ya mikoa walichagua washauri wao kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo.

Kwetu Ituri kuna neno lingine la kuongeza. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu na Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa dharura, ule watu wanaita etadesieji. Maafisa wa jeshi na wa polisi waliwekwa mahali pa gavana, meya na mabugumestri. Utawala huo uliletwa juu ya vita. Lakini kujua nani anashika kiti hakuondoi swali la nani anahesabu bido kwenye robine.

3. PESA ZINATOKA WAPI?

Katiba, katika kifungu cha 175, inasema kwamba kati ya mapato ya taifa, 40 kwa mia ni ya mikoa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba kati ya sehemu hiyo ya mkoa, 40 kwa mia ni ya miji, komine, sekta na cheferi. Tufanye hesabu:

Mapato ya taifa: faranga 100.
Sehemu ya mikoa: faranga 40.
Sehemu ya miji, komine, sekta na cheferi: 40 kwa mia ya 40, ndiyo faranga 16.

Basi kati ya kila faranga 100, 16 zingepaswa kufika karibu na sisi. Ninasema «zingepaswa» kwa kusudi, sababu tangu sheria iandikwe, mara nyingi pesa hizi hazifiki namna ilivyoandikwa. Lakini mtu asiyejua kwamba kuna 16 hawezi kuuliza juu ya 16.

Kuna tena pesa za hapa hapa. Mama anayeuza sombe sokoni analipa tike. Mwenye duka na mwenye moto analipa kodi. Fundisho dogo la nyumbani: mukilipa, mwombe kitansi na muichunge. Pesa isiyoandikwa hakuna baraza linaloweza kuihesabu.

4. NAMNA YA KUPIMA SHIDA

Watu wengi wakienda mbele ya wakubwa wanasema: «Tunateseka na maji.» Ni kweli, lakini kila kartie inasema vile vile. Baraza litachagua namna gani? Inafaa kupima.

Kuna kitabu kinaitwa Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanafuata wakati wa vita na maafa. Kinatoa kipimo cha chini kwa watu waliokimbia makwao: litre 15 za maji kwa mtu kwa siku, robine moja kwa watu 250, umbali usipite metre 500, kungoja kusipite dakika 30. Robine yenyewe itoe litre 7 na nusu kwa dakika.

Sasa tutumie vipimo hivi:

Bido moja ni litre 20. Ukigawanya 20 kwa 7.5, unapata dakika 2 na sekunde 40. Ndani ya dakika 30 zinajaa bido 11. Basi mustari mzuri hauna zaidi ya bido 11 mbele yako. Pale nilipohesabu bido 60, hata kama robine ingetoka kwa nguvu kamili, ni dakika 160, maana yake saa mbili na dakika 40. Mtu aliyefika saa kumi na nusu ya usiku atajaza bido yake ya kwanza saa moja na dakika kumi asubuhi. Bado kubeba, bado kunawa, bado kutembea mpaka shuleni. Na katika miezi ya jua kali robine haitoki kwa nguvu kamili.

Nyumba ya watu saba inahitaji litre 105 kwa siku, maana yake bido tano na kidogo. Nani anazibeba? Angalieni nyumbani kwenu, na jibu mulichunge moyoni.

Neno zito ni hili: vipimo hivyo viliandikwa kwa watu waliokimbia na kupoteza kila kitu. Mji wetu unajua watu hao, wako kati yetu, na katika madarasa yetu wamo. Kama kartie ya wenyeji iko chini ya kipimo cha kambi, hilo si jambo la kuzoea. Na kama kambi yenyewe iko chini ya kipimo hicho, ni vibaya zaidi.

5. BARAZA LA DARASA LETU

Sisi mafinalisti tulijaribu mchezo. Tulichagua washauri 12 na mwenyekiti. Tukasema: komine ina pesa za kazi moja tu. Kuna maombi mane: robine, choo cha soko, kanivo ya barabara inayoliwa na mvua, na taa kwenye njia ambayo wanafunzi wanashambuliwa jioni. Chagueni moja.

Tulipiga kura bila kuzungumza sana. Kila mmoja alichagua kitu cha kartie yake. Kura zilitawanyika, hakuna kilichoshinda. Kisha kelele ikaanza, na mmoja akasema neno baya: «Munataka robine kule sababu kule ni kwa bandugu yenu.» Darasa lote likanyamaza.

Mnajua kwa nini tulinyamaza. Katika mji huu neno «kwetu» na neno «kwao» lina uzito. Kati ya 1999 na 2003 watu wa Ituri waliuana, na mwaka 2003 katika kartie za Bunia mtu alijua njia gani apite na gani asipite. Sisi wa miaka 18 hatukuzaliwa bado, lakini tumelelewa na watu walioona. Basi hapa robine si chuma tu. Ikiwekwa upande mmoja bila kueleza sababu, upande wa pili utatafuta sababu yake wenyewe, na tunajua sababu gani itakuja kwanza.

Mwenyekiti wetu, binti mwenye akili, alisimamisha kura. Alisema: «Kila ombi lilete hesabu. Watu wangapi? Wanatembea mbali gani? Wanapoteza nini kama hatufanye? Tena itachungwa na nani?» Tulichukua juma moja kuhesabu kweli kweli, kila kikundi kikihesabu kartie ISIYO yake. Tuliporudi, robine ilipata kura 9 kati ya 12. Mmoja wa wale watatu alisema: «Mimi sikukubali, lakini nimeona hesabu, na mimi mwenyewe nilihesabu. Sitasema ni ukabila.»

Kwangu mimi, hilo ndilo somo lote. Baraza haliwezi kumpa kila mtu kitu. Pesa ni kidogo, lazima mmoja atangoja. Kazi ya baraza ni kuamua kwa njia ambayo hata yule anayengoja anaweza kuona ya kwamba hakudharauliwa. Hesabu ikifanywa wazi, mtu anaweza kukataa uamuzi bila kumchukia jirani.

Tunasoma jambo kama hili katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa lugha moja walisahauliwa katika mgawanyo wa kila siku, na manunguniko yakaanza kati ya watu wa lugha mbili. Mitume hawakuwaambia wajane wanyamaze. Waliomba kundi lichague watu saba wenye sifa nzuri, wakabidhiwe kazi hiyo.

Wala si ndoto ya wanafunzi tu. Katika Kivu ya Kusini, ndani ya miaka ya 2010, maeneo kadhaa, kati yao komine ya Ibanda mjini Bukavu, yalijaribu bajeti shirikishi: raia waliitwa kwenye mikutano, hata kwa ujumbe wa simu, kusudi waseme kazi gani ianze. Ikiwezekana Bukavu, Bunia ni nini?

6. NILIYOYAFANYA, NA MUNAYOWEZA KUYAFANYA

Kwanza, nilimwomba yule dada msamaha, mbele ya wale wale waliocheka. Haikuwa rahisi kwa kapita.

Pili, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, niliongeza safu mbili katika kaye: «saa ya kuamka» na «sababu». Wavivu bado wako, nao majani yanawangojea! Lakini mwisho wa mwezi tuliona wazi kwamba neno «maji» linarudi kuliko maneno yote, na linarudi zaidi kwa wasichana. Wale wa maji hawakate majani tena. Wanapata somo la hesabu wakati wa mapumziko, na mafinalisti ndio wanawafundisha.

Tatu, tuliandika barua fupi yenye hesabu zetu, tukaipeleka kwa kupitia shefu wa kartie kwenda komine. Tulichunga kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu halijafika bado. Tutauliza tena.

Ndugu zangu wadogo, tarehe 20 Desemba 2023 mimi sikuwa na miaka ya kupiga kura. Sasa ninayo 18. Ninyi wa 15, 16 na 17, zamu yenu inakuja. Siku mgombea atakapokuja kwenu na singleti na muziki, mumwulize swali moja tu: «Kwenye robine yetu mustari ni wa bido ngapi?» Kama hajui, mumwambie aende kwanza kuhesabu.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kartie na komine vinatofautiana namna gani mbele ya sheria ya 2008?
2. Kama mapato ya taifa ni faranga 5 000, sehemu ya miji, komine, sekta na cheferi ni ngapi? (Jibu: 800.)
3. Robine moja inatumikia watu 250, kila mtu litre 15. Kwa litre 7 na nusu kwa dakika, inapaswa kufunguliwa kwa muda gani kila siku? (Jibu: dakika 500, ndiyo saa nane na dakika 20.)
4. Hesabu bido zilizo kwenye robine ao chemchemi ya karibu na kwenu, siku tatu, saa ile ile. Leta hesabu kwa kapita wa darasa lako.
5. Mjadiliane: Komine ina pesa za kazi moja. Kartie yako inahitaji kanivo, kartie ya jirani inahitaji robine. Utasema nini katika baraza, kama wewe ni mshauri wa wote?

Kapita wa wanafunzi, finalisti